Jua laweza kuwaka Shika Adabu huku Vanga ikifurika

Tuseme umesimama stejini Shika Adabu asubuhi ya Jumapili ukingoja matatu ya Ukunda. Jua limewaka, barabara ni kavu na wala huoni wingu. Mara simu yako yalia. Ni shangazi yako wa Vanga, akikuarifu kwamba maji ya mto Umba yaliingia shambani usiku na sasa yanakaribia kizingiti cha mlango wake. Bila shaka utamwuliza, "Kwani huko mvua imenyesha?" Naye atakujibu kwamba haijanyesha hata tone.

Mfano huo nimeutunga, lakini jambo lenyewe si la kutunga. Mto Umba huanzia milima ya Usambara Magharibi, nchini Tanzania. Hushuka ukapita nyika, ukavuka mpaka na kuingia Kenya, kisha ukamwaga maji yake Bahari ya Hindi karibu na Vanga katika Kaunti ya Kwale. Mvua kubwa ikinyesha milimani, maji hukusanyika na kuanza safari. Yanapofika Vanga huenda anga ya huko iwe safi kabisa. Anayeitazama mbingu iliyo juu ya nyumba yake pekee hawezi kujua mto unamletea nini.

Hili linapaswa kueleweka upesi na watu wa pwani kwa sababu kusoma maji ni elimu waliyorithi. Mvuvi wa Mtongwe anajua maji yatajaa saa ngapi na yatapwa saa ngapi. Anajua siku za bamvua na siku za maji mafu. Hapa Mombasa tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3 siku za bamvua, na bado hakuna anayeshtuka, maana bahari hufuata mwezi na ratiba yake inajulikana mapema.

Mto hauna ratiba ya namna hiyo. Hata hivyo mto nao hutoa habari kabla ya kufika. Habari hiyo iko juu, kule maji yanakotoka, na njia ya kuipata ni kupima.

Je, mto hupimwaje? Chombo cha kwanza ni rahisi kuliko unavyodhani. Ni ubao au bamba la chuma lililochorwa mistari na namba kama rula ya mwanafunzi, nalo husimamishwa wima kandokando ya mto au kwenye nguzo ya daraja. Mkazi wa karibu hupewa kazi ya kwenda kuusoma kila siku, aghalabu asubuhi na jioni, na kuandika namba anayoiona kwenye daftari. Hapa Kenya kazi ya kusimamia vipimo hivyo ni ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na kila kituo kina namba yake. Kituo cha mto Tana pale Garissa, kwa mfano, huitwa 4G01.

Namba iliyo ubaoni huonyesha kimo cha maji tu. Ili kujua ni maji kiasi gani yanayopita, wataalamu hupima upana wa mto, kina chake na kasi ya maji. Wakirudia hivyo mara nyingi, mto ukiwa mdogo na ukiwa mkubwa, huweza kuchora mchoro unaolinganisha kimo na wingi wa maji. Baada ya hapo msoma ubao akisema mita 4, ofisini hujulikana mara moja ni maji kiasi gani yanayokuja.

Nawe mwanafunzi, ukisikia redioni kwamba mto unapitisha mita za ujazo 500 kwa sekunde, usiiache habari hiyo ikupite. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20 kama ile inayosukumwa kwa mkokoteni huko Likoni. Kwa hiyo mita za ujazo 500 ni mitungi 25,000 inayopita mbele yako kila sekunde moja!

Siku hizi kuna pia mitambo inayojipimia yenyewe na kutuma namba kwa njia ya mtandao wa simu. Hiyo ni hatua njema, lakini mitambo huharibika, na mafuriko makubwa huweza kuung'oa ubao pamoja na mtambo wake, tena wakati habari inapohitajika zaidi. Ndiyo maana mtu mwenye macho na simu karibu na mto bado ana thamani yake.

Ili kuona faida ya kupima, tuutazame mto Tana, ulio mrefu kuliko yote nchini. Sehemu zake za juu zina mabwawa matano ya umeme yanayofuatana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Masinga, lililokamilika mwaka 1981, ndilo kubwa, na ndilo hupokea maji kwanza. Kimo cha maji yake hufuatiliwa kila siku, nalo huhesabiwa kuwa limejaa maji yanapofika mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari. Yakipita hapo hufurika na kushukia mabwawa yaliyo chini yake, kisha huelekea Garissa, Hola na Garsen, na mwishowe baharini karibu na Kipini.

Safari hiyo huchukua siku kadhaa, na siku hizo ni mali. Kampuni ya umeme ya KenGen huwatangazia wakazi wa chini mabwawa yanapojaa, kama ilivyotokea mwaka 2018 na tena 2024. Mtu wa Garsen akiipata habari mapema anaweza kuhamisha wazee, watoto, mbuzi na gunia lake la mahindi. Akiipata maji yakiwa magotini, ataokoa roho tu, na pengine hata hiyo isiwe hakika.

Wako wakazi wa mjini ambao wakitazama picha za mafuriko huuliza, "Mbona watu hawa hawahami?" Swali hilo halina haki. Wapokomo wamelima kandokando ya Tana kwa vizazi vingi kwa sababu ni mafuriko hayo hayo yanayoleta udongo wenye rutuba. Maji yakipungua hupanda mpunga na mahindi katika ardhi iliyolowa. Kwao mto ni shamba, ni kisima na ni barabara. Wasichohitaji ni kuvamiwa usingizini.

Na kuvamiwa usingizini kumeua wengi. Usiku wa Mei 9, 2018, bwawa la mtu binafsi lilipasuka huko Solai, Kaunti ya Nakuru, na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Alfajiri ya Aprili 29, 2024, maji yaliyokuwa yamezuiliwa nyuma ya tuta la reli karibu na Mai Mahiu, pale njia yake ya chini ilipoziba, yalibomoka kwa kishindo na kusomba watu zaidi ya 40 vilevile. Mahali pote pawili maji yalikuwa yakiongezeka, lakini waliolala chini yake hawakuwa na ubao wa kusoma wala king'ora cha kuwaamsha.

Siku moja kabla ya msiba wa Mai Mahiu, mashua ilizama huko Kona Punda, karibu na Garissa, ambapo Tana ulikuwa umeifunika barabara. Hapo mafuriko hayakuwa siri kwa mtu yeyote. Hata hivyo watu walikuwa na safari zao na hawakuwa na njia nyingine, na baadhi yao hawakufika. Kwa hiyo msomaji, kupima peke yake hakutoshi. Lazima namba isomwe, ikadiriwe, itangazwe, isikike na mtu awe na mahali pa kwenda. Kimoja kikikosekana, kazi yote imepotea.

Turudi sasa kwa shangazi yako wa Vanga. Upande wa Tanzania, mto Umba uko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao yake Moshi. Upande wa Kenya umehesabiwa katika bonde la Athi. Maji hayaulizwi paspoti pale Horohoro, lakini habari husafiri kwa taratibu za ofisi za nchi mbili. Kila saa inayopotea mezani ni saa aliyonyang'anywa shangazi.

Lugha nayo ni kikwazo. Tangazo la "milimita 40 kwa saa 24" ni sahihi, lakini halimwambii shangazi afanye nini. Angeelewa haraka zaidi kama angeambiwa kwamba kesho alfajiri maji yatafika kwenye mwembe ulio karibu na msikiti, hivyo ahamishe mbuzi leo jioni. Kazi hiyo ya kutafsiri yaweza kufanywa na chifu, mzee wa mtaa, mwalimu, au hata wewe mpwa wake mwenye simu na gazeti.

Huenda ukasema kwamba Shika Adabu hakuna mto mkubwa, basi hayo yanakuhusu nini? Kumbuka kwamba upande wa Dongo Kundu kuna ghuba ya Port Reitz, inayopokea maji ya mto Mwache na mingine kutoka Kwale. Kumbuka pia kwamba kila bonde lililojengwa nyumba ni mto unaosubiri mvua, na kila kalavati lililojaa mifuko na matawi ni bwawa lisilo na mlinzi. Tena mvua kubwa ikikutana na bamvua, maji hukuta bahari imejaa na hayana pa kuteremkia.

Jambo la kwanza unaloweza kufanya na wanao ni kupaka rangi mistari kwenye ukuta wa kalavati lililo karibu nanyi, sentimita kumi kumi, mkiwa mmesimama juu mahali salama na siku ikiwa kavu. Andikeni maji yalifika wapi kila baada ya mvua. Baada ya masika moja na vuli moja mtajua ni mstari gani unaotangulia maji kuingia nyumbani.

La pili, wekeni kopo lililonyooka uwanjani kupima mvua. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita moja ya mraba. Mvua ya milimita 50 juu ya paa la mita 40 za mraba ni lita 2,000, yaani mitungi 100. Hesabu mapaa ya mtaa mzima uone.

La tatu, fuatilieni utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa, hasa miaka ambayo Bahari ya Hindi upande wetu inapata joto kuliko upande wa Indonesia. Hali hiyo ilikuwepo mwaka 1961, 1997, 2019 na 2023, na miaka yote hiyo vuli ilitutesa.

La nne, msiyavuke maji yanayokwenda kasi. Sentimita 15 zaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 60 zaweza kubeba gari. Mafuriko yakiisha, chemsheni maji ya kisima kabla ya kunywa, maana vyoo na visima vyetu ni majirani wa karibu mno.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Leo jioni, kabla hujalala, mpigie simu shangazi yako. Baada ya salamu, mwulize mto umefika wapi, na mkubaliane maji yakifika alama gani ataanza kufunga virago. Mwambie pia kwamba usiku huo, hata iwe saa ngapi, mlango wako utakuwa wazi.