Kingamwili Ziko, Corona Ikarudi

Juni 2021, kaunti 13 za magharibi mwa Kenya, Kericho na Bomet zikiwemo, zilifungiwa kafyu ya saa moja jioni. Kirusi cha corona aina ya Delta kilikuwa kimegunduliwa Kisumu mwezi Mei na sasa kilikuwa kinavuma kote huku. Ajabu ni kwamba mapema mwaka huo watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust, Kilifi, walikuwa wamepima damu za wachangiaji na kukuta karibu nusu wana kingamwili za corona. Katikati ya 2020 walikuwa wanne hivi kwa kila mia.

Mbona basi ugonjwa ukarudi? Kwa sababu kuwa na kingamwili si lazima uwe umekingika. Kila kingamwili hunasa umbo moja mahususi kwenye miiba ambayo kirusi hushikia seli zetu. Ni kama vidole vya mchuma chai wa Kabianga, hapa Kericho: hutambua majani mawili na kichipukizi bila yeye hata kutazama. Mpe mmea wa majani mengine, vidole vitasita. Omicron, aina nyingine ya kirusi iliyotangazwa kusini mwa Afrika Novemba 2021 na kuthibitishwa Kenya mwezi uliofuata, ilikuja na mabadiliko zaidi ya 30 kwenye miiba hiyo. Kingamwili nyingi za awali, za ugonjwa na za chanjo, zilikosa pa kushika.

Lakini mwili hautegemei kingamwili peke yake. Ndani ya tezi za limfu, seli B za kumbukumbu huendelea kunolewa kwa miezi kadhaa, na dozi ya tatu ya chanjo ikiingia, baadhi hutoa kingamwili zinazonasa sehemu ambazo kirusi hakijazibadilisha. Seli T nazo hutambua vipande vingi ambavyo Omicron haikuvibadilisha. Ndiyo maana wengi waliambukizwa tena bila kuzidiwa.

Hapa Kericho, ambako KEMRI na taasisi ya utafiti ya jeshi la Marekani, Walter Reed, wamechunguza VVU kwa zaidi ya miaka 20, wakianza na wafanyakazi wa mashamba ya chai, suala hili la kinga lina uzito wa pekee. Seli za CD4 zinazoliwa na VVU ndizo zinazosaidia seli B kutengeneza kingamwili bora. Afrika Kusini, mgonjwa mmoja ambaye VVU yake haikuwa imedhibitiwa alikaa na corona zaidi ya miezi sita, na kirusi kikabadilika humo humo mwilini mwake. Anayemeza ARV bila kukosa, CD4 zake zikapanda, huitikia chanjo karibu sawa na mtu asiye na VVU. Dawa hizo zikikatika kliniki, wanaohatarishwa si wagonjwa peke yao, kwani kirusi kilichobadilika mwilini mwa mmoja kinaweza kuwafikia wengine.