Upenyo wa Nusu Milimita

Mwenye motokaa aliyenaswa katika foleni ya Dar es Salaam saa nane za mchana wa mwezi wa Februari, shati limemgandama mgongoni, akibonyeza swichi ya kiyoyozi husikia mlio mdogo, "ta", kutoka chini ya boneti, na papo hapo injini huguna kama hamali aliyeongezewa gunia. Mlio huo ni wa klachi ya kompresa, chombo ambacho aghalabu hakitajwi ila siku kinapoharibika.

Motokaa za Packard za mwaka 1940, ambazo Marekani ziliuzwa na kiyoyozi cha kiwandani, hazikuwa na klachi hiyo. Dereva aliyeona baridi imezidi hakuwa na budi kusimama, kuzima injini, kufunua boneti na kuuvua mkanda kwa mikono yake, hata raha yenyewe ikawa na jasho lake.

Klachi iliondoa taabu hiyo kwa hila nyepesi. Puli, inayovutwa na mkanda wa injini, huzunguka daima juu ya beringi yake, kiyoyozi kiwe kimewashwa au kimezimwa, ilhali shafti ya kompresa hutulia mpaka kiyoyozi kiwashwe; na mbele ya puli, likiwa limefungwa katika ncha ya shafti, lipo bamba la chuma lisiloigusa, kwa kuwa baina yao upo upenyo wa takriban nusu milimita. Nyuma ya puli imekaa koili ya waya wa shaba, isiyozunguka. Umeme wa volti 12 ukipita ndani yake, koili hugeuka sumaku, ikalivuta bamba likaambatana na puli hata vikawa kitu kimoja; shafti ikazunguka, gesi ikasukumwa. Umeme ukikatwa, springi hulirejesha bamba mahali pake.

Miaka ikipita bamba huliwa na msuguano, upenyo ukapanuka, na koili, ambayo ikipata moto nguvu zake hupungua, ikashindwa kulivuta. Ndipo kiyoyozi hupoza asubuhi na kugoma adhuhuri. Fundi mwenye pupa atahukumu kwamba kompresa imekufa. Mwenye subira ataupima upenyo kwa geji, ataondoa washa moja nyembamba nyuma ya bamba, na kufunga tena. Walakini klachi isiyonasa huenda ni nzima: gesi ikipungua mno, swichi ya presha huukata umeme kusudi, maadamu mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi, na kompresa ikizungushwa pasipo gesi husagika. Anayeipelekea klachi waya moja kwa moja kutoka betri, ili inase kwa lazima, anaiua kompresa.

Basi, msomaji, kabla hujatoa fedha ya kompresa nzima, mwambie fundi wako apime kwanza gesi, kisha upenyo.