Nani afunge kivuko?

Ijumaa ya tarehe 12 Aprili 2024, asubuhi, gari la shule lilisombwa na maji katika korongo la Engosengiu, jijini Arusha. Ndani yake walikuwamo wanafunzi. Watoto kadhaa walipoteza maisha, na mmoja wa wananchi waliojitosa kuwaokoa naye akafa maji. Wakati huo masika yalikuwa yamekwisha kukolea na nchi nzima ilikuwa ikisikia habari za mafuriko. Siku 13 baadaye Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba watu 155 wamekufa katika mafuriko na maporomoko ya msimu ule.

Ukitaja mafuriko siku hizi mbele ya watu wa miradi, jibu la kwanza ni mfumo wa kidijitali: vihisi mtoni, data kwenye seva, meseji kwenye simu za wananchi. Umoja wa Mataifa wenyewe ulitangaza mwaka 2022 mpango wa kuhakikisha kila mtu duniani anafikiwa na tahadhari za mapema ifikapo mwisho wa 2027. Siupingi mpango huo hata kidogo. Lakini kila ninapousikia ukisifiwa najiuliza swali moja: kwenye korongo lenye maji yaendayo kasi, ni meseji gani ingemzuia dereva? Maji anayaona kwa macho yake. Anachokosa ni mtu amesimama pale mwenye mamlaka ya kumwambia leo hapapitiki, geuza, na uhakika kwamba akigeuza hatalaumiwa na mwajiri wala na wazazi wanaosubiri.

Tuanze na mlima, kwa sababu ndio unaoamua. Meru una urefu wa zaidi ya mita 4,500, na jiji limekaa chini yake kwenye mita kama 1,400. Mito ya Themi, Naura, Ngarenaro, Kijenge na Burka inashuka mteremko huo mkali kwa safari fupi mno. Udongo ni wa majivu ya volkano, unachimbika upesi, ndiyo maana makorongo yametapakaa kila upande. Sehemu kubwa ya mwaka korongo ni kavu. Watoto wanalikata kwenda shule, bodaboda zinalifanya njia ya mkato, na watu wanajenga ukingoni kwa kuwa ndiko kiwanja kinakopatikana kwa bei wanayoimudu. Kisha mvua inanyesha juu msituni, huku chini mjini, Unga Limited na Muriet, jua linawaka, na maji yanafika kwa watu ambao hawajaona hata tone.

Hapo ndipo mifumo ya kuazima inapokwama. Kule Budalang'i, magharibi mwa Kenya, Mto Nzoia unapita nchi ndefu kabla ya kuingia Ziwa Victoria. Kipimo kilichowekwa juu ya mto kinawapa watu wa chini muda wa kutosha, na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ikasaidia kuanzisha pale redio ya jamii, Bulala FM, ili taarifa zitangazwe kwa lugha wanayoisema wenyeji. Muda huo Arusha haupo. Mfumo unaohitaji ofisa apokee data, aithibitishe, amwandikie mkubwa wake, kisha asubiri kibali cha kutuma meseji, utatuma meseji ya kuwataarifu watu kuhusu maji yaliyokwisha kupita.

Mfuate mwenyekiti wa mtaa mmoja wa bondeni usiku wa mvua. Tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, imeingia kwenye kundi la WhatsApp la viongozi. Ni ramani yenye rangi, na chini yake maelezo kwamba mvua kubwa inatarajiwa katika baadhi ya maeneo ya mikoa ya Arusha, Manyara na Kilimanjaro. Ni taarifa ya kweli iliyoandaliwa na wataalamu, lakini mikoa hiyo mitatu ina ukubwa wa nchi, na yeye ana vivuko viwili. Akiwa na bando anaifungua, anasoma mara mbili, kisha anaandika maneno yake mwenyewe: jamani, kesho watoto wasipite korongoni, wazungukie darajani. Anawatumia mabalozi. Wenye kitochi anawapigia mmoja mmoja kwa vocha yake. Hayo maneno yake machache ndiyo tahadhari yenyewe, na katika maandiko mengi ya miradi kazi hiyo haina fungu hata la shilingi elfu tano.

Tena mwenyekiti huyo hadumu. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024 ulileta sura mpya katika mitaa mingi. Orodha ya namba za simu iliyokusanywa kwenye semina kabla ya hapo, ikaingizwa kwenye mfumo na kusahaulika, itakuwa inampigia mzee aliyekwisha kukabidhi muhuri. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, lakini usajili unasema wewe ni nani, hausemi usiku huu umelala wapi. Dawa yake ipo: mnara wa simu unaweza kutuma ujumbe kwa kila simu iliyo ndani ya eneo lake bila kuhitaji orodha yoyote, kitochi kwa simujanja. Hiyo ni kazi ya Serikali na kampuni za simu kwa pamoja. Mradi mdogo wa kata haupaswi kujifanya unaiweza. Mradi mdogo uende kule ambako mnara haufiki, yaani kivukoni.

Dar es Salaam kulikuwa na mfano ninaouheshimu. Ramani Huria ilianza mwaka 2015, ikawatoa wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam madarasani na kuwapeleka uswahilini wakiwa na simu na ramani. Walitembea na wenyeji wakichora mitaro, njia na nyumba, na wakauliza maji hufika wapi. Mama anakuonyesha alama ukutani, anakwambia mwaka ule yalifika hapa. Ujuzi huo ulikuwapo siku zote, ila haukuwa kwenye karatasi ya mpangaji yeyote. Arusha inaweza kufanya hivyo kwa makorongo yake. Operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 iliweka vibao vya barabara na namba za nyumba. Lakini kivuko cha korongo hakina namba. Anayepiga 114 kuwaita Zimamoto na Uokoaji anajieleza kwa duka la Mangi na mti mkubwa wa mringaringa, na dakika zinakwenda. Kila kivuko kikipewa namba yake na kibao chake, simu ya mtoto wa darasa la tano itaeleweka mara moja.

Na juu mlimani wapo watu ambao mradi hauna haja ya kuwatengeneza. Wameru na Waarusha wamemwagilia migomba na kahawa kwa mifereji tangu enzi za mababu. Mifereji ina kamati, ina zamu, ina faini kwa anayeiba maji. Mtu wa zamu kwenye banio la mfereji ndiye wa kwanza kuona mto umebadilika rangi na kuanza kuleta magogo. Simu yake moja kwenda chini inaweza kukitangulia kihisi, hasa kihisi ambacho paneli yake ya sola imeshang'olewa na betri imeuzwa. Kihisi kiwepo, lakini kisimame pamoja na huyu mtu, naye alipwe posho yake ya masika kama mlinzi mwingine yeyote.

Kuna hatari ambayo hata yeye hataiona. Tarehe 3 Desemba 2023 sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka, na tope, mawe na magogo vikaushukia mji wa Katesh. Zaidi ya watu 80 walikufa. Kipimo cha kina cha mto hakioni mlima unaolowa maji kwa ndani. Meru nao ni volkano yenye miteremko mikali, na yeyote anayeuza mfumo mmoja kama jibu la yote anawadanganya watu wa Sekei na Ilboru, walio chini yake, kuhusu jambo la uhai wao.

Sheria haikosekani. Sheria ya Menejimenti ya Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia taifa hadi kijiji na mtaa. Kinachohitajika ni kamati hiyo ya mtaa ipewe neno la mwisho juu ya kivuko chake, kwa maandishi, ili mwenyekiti akikifunga kwa mnyororo saa 12 asubuhi asihitaji kumpigia mtu yeyote kwanza. Shule zenye magari zisaini kwamba mnyororo ukifungwa gari linazunguka, na mtoto anayechelewa kwa sababu hiyo haadhibiwi. Bajeti ionyeshe nguzo mbili, mnyororo, kufuli, koti la mvua, tochi na posho ya walinzi wawili kwa kila kivuko kuanzia Machi hadi Mei. Kisha kila Februari lifanyike jaribio: mtu wa banio apige simu, mwenyekiti apokee, mnyororo ufungwe, saa iandikwe. Namba isiyopokelewa ifutwe siku hiyohiyo na nyingine iandikwe mahali pake.