Dari Mpya kwa Mbao za Zamani?

Makadirio ya kubadilisha dari ya nyumba ya zamani, iwe ya mtumishi au darasa la chekechea, huwa na gharama za bodi, rangi, mbao na ufundi. Fedha zikipungua, mbao ndizo hukatwa kwanza, kwa hoja kwamba fremu ya zamani bado ipo. Tunaziomba kamati na wafadhili wasizikate.

Dari nyingi za zamani huku Temeke na Kinondoni zilipigwa hadibodi. Bodi yake ya futi 4 kwa 8, unene wa milimita 3, haifikii kilo 10. Ya jipsamu yenye ukubwa huo huo, milimita 9, ina kilo 20 hivi. Kwa chumba cha mita 3 kwa 4, hizo ni kilo 80 na ushee juu ya vichwa vya watoto, na jipsamu ikilowa huongezeka uzito na kulegea. Kwa hiyo bati linalovuja lizibwe kwanza, na ni vema kazi yote iishe kabla ya masika.

Dari ya zamani ikishatolewa, fundi achome kila mbao ya kenchi kwa bisibisi. Ikizama kirahisi, mchwa wamekwisha kula, hata kama kwa nje inaonekana nzima. Kule Mbagala, nyumba zilizotikiswa na milipuko ya ghala la silaha tarehe 29 Aprili 2009 zitazamwe pia pale kenchi inapokalia ukuta. Aidha, ukikuta karatasi ngumu za kijivu za saruji, huenda zina asibesto: zisivunjwe wala kukatwa kwa msumeno, bali ushauri wa NEMC utafutwe kwanza.

Fremu mpya iwe ya mbao za inchi 2 kwa 2, zilizokauka na kutiwa dawa. Paini mbichi hujipinda ikikauka, na nyufa hutokea kwenye maungio. Mbao zipishane sentimita 40, kati hadi kati, si futi 2 au zaidi kama fremu nyingi za zamani. Kipimo hicho kina faida yake: bodi ya sentimita 240 hugawanyika mara 6 kamili, hivyo kila mwisho wa bodi huangukia katikati ya mbao. Kingo ndefu ziwekewe vipande vya kukatisha, na mbao ya pembeni ifungwe ukutani kuzunguka chumba chote. Fremu ifungwe kwenye kenchi, kamwe isining'inizwe kwenye mbao zilizopigiliwa bati. Kwa kuwa nyumba ya zamani haiko sawa, fundi asifuate kenchi ilivyo. Apime kwa mpira wa maji na kuweka kabari.

Bodi ipandishwe na watu wawili, ikishikiliwa na nguzo mbili za umbo la T, na ifungwe kwa skrubu, si misumari, kila baada ya sentimita 15 hadi 20. Kichwa cha skrubu kizame kidogo bila kuchana karatasi; ikichanika, skrubu hiyo haishiki kitu. Maungio yapishane kama matofali.

Bodi zikishapigwa, hakuna mjumbe atakayeona fremu tena. Ndiyo maana tunashauri malipo ya awamu ya pili yatolewe baada ya wajumbe wawili kupanda ngazi na kuipima kwa futi kamba, bodi zikiwa bado zimeegemezwa ukutani.