Karatasi, utepe na betri: Msingi wa kuelewa saketi za umeme

TAA ikikataa kuwaka nyumbani, watu wengi hubonyeza swichi mara mbili tatu, kisha wakamwita fundi. Ni wachache mno wanaotulia na kujiuliza ni wapi hasa umeme umekwama. Wengi wetu tulikariri majina ya sehemu za umeme darasani ili tupite mtihani, lakini hatukuwahi kuunda hata njia moja ya umeme kwa mikono yetu wenyewe.

Ipo namna rahisi ya kuliziba pengo hilo, nayo haihitaji maabara. Ni saketi ya karatasi. Mtu huchukua karatasi ngumu ya manila, akabandika juu yake utepe mwembamba wa shaba, akaongeza betri ndogo ya mviringo na taa ndogo, na mwishowe akapata kadi inayowaka. Makala haya yanafafanua istilahi anazohitaji kuzijua yeyote anayekusudia kuanza, awe mwanafunzi, mwalimu au mzazi.

Asidhani mtu kuwa huu ni mchezo mtupu wa watoto. Mwaka 1800, Mwitaliano Alessandro Volta alipotangaza betri yake ya kwanza, visahani vya metali alivyovipanga vilitenganishwa kwa vipande vya kadibodi au kitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi. Katika miaka ya 1930, mhandisi Paul Eisler, mzaliwa wa Austria aliyehamia Uingereza, alibuni mbinu ya kuchapisha njia za umeme juu ya ubao badala ya kuunganisha nyaya moja baada ya nyingine. Hadi leo, vibao vya saketi vilivyomo ndani ya vifaa vingi vya bei nafuu hutengenezwa kwa karatasi iliyoshindiliwa pamoja na gundi ngumu. Aidha, mwaka 2010, watafiti Jie Qi na Leah Buechley wa chuo cha MIT nchini Marekani walieleza jinsi walivyounda kitabu chenye picha zinazoinuka, ambacho kurasa zake zilibeba taa na saketi kamili.

Saketi ni nini?

Istilahi ya kwanza, ambayo ndiyo mama wa nyingine zote, ni saketi yenyewe. Saketi ni njia iliyofungamana ambayo umeme huifuata kutoka ncha moja ya betri, ukapitia katika kifaa kama vile taa, kisha ukarejea katika ncha ya pili ya betri ile ile. Wahenga walinena kuwa mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Ngama ya umeme ni betri. Usipoandaliwa njia ya kurudi, hauondoki.

Hapa ndipo wanaoanza hukosea. Hudhani kwamba umeme hutoka kwenye betri, ukaingia katika taa na kuishia humo, mithili ya maji yamwagwayo ndooni. Hivyo, huunganisha upande mmoja tu na kushangaa taa inapobaki gizani. Saketi yenye mwanya, hata uwe mwembamba kama unywele, huitwa saketi wazi, na umeme haupiti. Isiyo na mwanya ni saketi funge.

Kitu kinachoruhusu umeme kupita huitwa kipitishi. Shaba ni kipitishi kizuri, na ndiyo sababu utepe wake hupendwa katika kazi hii. Asiye nao anaweza kukata vipande vyembamba vya karatasi ya alumini inayotumiwa jikoni na kuvishikiza kwa selotepu. Kitu kinachozuia umeme huitwa kihami. Karatasi, plastiki, hewa na gundi nyingi za kawaida ni vihami. Risasi ya penseli imo katikati: hupitisha umeme, lakini kwa shida.

Maarifa hayo yana faida ya papo hapo. Njia ya utepe ikifika pembeni na kuhitaji kupinda, usiukate utepe na kubandika kipande kingine juu yake. Gundi iliyo chini ya kipande cha juu huenda ikawa kihami, nayo ikauziba mpito wa umeme ilhali kwa macho njia yaonekana kamili. Ni bora kuukunja utepe ule ule ili ubaki mmoja tangu mwanzo hadi mwisho.

Msukumo, mkondo na ukinzani

Istilahi tatu zinazofuata huwatatiza wanafunzi wengi, ingawa huweza kueleweka kwa kuzingatia tangi la maji lililoinuliwa juu ya nyumba. Tangi likiwa juu zaidi, maji husukumwa kwa nguvu zaidi. Msukumo wa namna hiyo katika umeme huitwa volteji, nao hupimwa kwa volti. Kiasi cha maji yanayopita kwenye bomba kwa muda fulani ni mfano wa mkondo wa umeme, ambao hupimwa kwa ampea. Taa ndogo hutumia mkondo mdogo sana, kwa hivyo tunatumia miliampea, yaani sehemu moja ya 1,000 ya ampea. Wembamba wa bomba, unaoyapunguza maji, ni mfano wa ukinzani, nao hupimwa kwa omu.

Mfano huu una kikomo chake. Bomba likikatwa, maji humwagika. Njia ya umeme wa betri ikikatwa, mkondo husimama kila mahali kwa wakati mmoja.

Mwaka 1827, Mjerumani Georg Simon Ohm alichapisha kanuni inayoziunganisha istilahi hizo tatu: volteji ni mkondo ukizidishwa kwa ukinzani. Kwa maneno mengine, ukiongeza msukumo mkondo huongezeka, na ukiongeza ukinzani mkondo hupungua.

Betri na taa

Betri inayotumiwa zaidi katika saketi za karatasi ni ile bapa, mfano wa sarafu, iliyoandikwa CR2032. Maandishi hayo yana maana. Herufi C hutambulisha kemikali za betri hiyo, ambayo ni ya jamii ya lithi. R huonyesha kuwa ni ya mviringo. Tarakimu 20 ni kipenyo chake kwa milimita, na 32 ni unene wa milimita 3.2. Volteji yake ni volti 3.

Uso wenye maandishi na alama ya kujumlisha ni ncha chanya, na uso wa pili ni ncha hasi. Lakini tahadhari: ukingo wa betri hiyo pia ni sehemu ya ncha chanya. Utepe unaokusudiwa kugusa uso wa chini ukipanda na kugusa ukingo, umeunganisha chanya na hasi moja kwa moja.

Taa inayofaa ni ile ndogo ya LED, kama zile zilizomo katika tochi za kisasa. Taa hii ni aina ya diodi, yaani kifaa kinachouruhusu umeme kupita upande mmoja tu. Mguu wake mrefu huelekezwa kwenye ncha chanya, na mfupi kwenye ncha hasi. Ikigeuzwa haiwaki, wala haina maana kuwa imeharibika. Taa nyekundu huhitaji takriban volti 2 ili iwake, ilhali ya buluu au nyeupe huhitaji takriban volti 3.

Betri ndogo ya volti 3 ina ukinzani wake wa ndani unaotosha kuilinda taa moja. Mambo hubadilika ukitumia betri ya volti 9. Hapo utahitaji kikinza, ambacho mafundi wa redio hukiita rezista. Hesabu yake ni nyepesi: volti 9 ukitoa 2 za taa nyekundu, zinabaki 7. Ukitaka mkondo wa miliampea 20, gawanya 7 kwa 0.02, upate omu 350. Madukani, kikinza cha kawaida kinachokaribia kiasi hicho bila kukipunguka ni cha omu 390, nacho kitafaa.

Taa mbili au zaidi

Anayetaka kuwasha taa mbili ana njia mbili. Katika saketi ya mfuatano, taa hupangwa moja nyuma ya nyingine katika njia moja, na volteji ya betri hugawanywa baina yao. Taa mbili nyekundu zikipangwa hivyo zitahitaji volti 4. Betri ya volti 3 haiwezi kuziwasha ipasavyo.

Katika saketi sambamba, kila taa ina njia yake kati ya mstari wa chanya na mstari wa hasi, kama vidato vya ngazi kati ya miti miwili. Hapo kila taa hupata volteji yote. Hii ndiyo njia inayofaa katika karatasi. Hata hivyo, usichanganye taa nyekundu na nyeupe. Ile nyekundu huivuta volteji ya betri hiyo ndogo hadi ikakaribia volti 2, na nyeupe ikabaki gizani. Wengi huitupa ile nyeupe wakidhani ni mbovu.

Swichi nayo si lolote ila mwanya unaofungwa na kufunguliwa kwa hiari. Acha nafasi katika utepe, kisha bandika kipande cha utepe kwenye pembe ya karatasi ili ikikunjwa kipande hicho kiufunike mwanya. Umepata swichi.

Njia ya mkato na hatari zake

Umeme ukipata njia ya kurejea kwenye betri pasipo kupitia katika taa, huifuata njia hiyo isiyo na ukinzani. Hali hiyo ndiyo tunayoiita shoti. Katika karatasi, taa huzimika, na betri hupata joto na kuisha upesi. Katika nyumba, shoti yaweza kuzua moto.

Kwa sababu hiyo, yafaa pawepo mpaka usiovukwa. Saketi ya karatasi ni ya betri ndogo pekee. Stima ya nyumbani nchini Kenya ni ya volti 240, nayo huua. Mtoto afundishwe tangu siku ya kwanza kuwa utepe na waya wake havikaribii soketi ya ukutani kamwe.

Hatari ya pili hailingani na umbo lake. Betri hizi bapa zikimezwa na mtoto na kukwama kooni, zaweza kuunguza nyama za umio vibaya katika muda wa saa 2 tu. Zihesabiwe kabla na baada ya kazi, zihifadhiwe mbali na watoto wachanga, na mtoto anayeshukiwa kumeza apelekwe hospitalini mara moja bila kungoja dalili.

Kutafuta hitilafu

Kadi isipowaka, usiibomoe. Weka kidole kwenye ncha chanya ya betri na ufuate njia hatua kwa hatua hadi urejee kwenye ncha hasi, ukijiuliza maswali manne. Je, kuna mwanya? Je, taa imegeuzwa? Je, kuna mahali njia mbili zinagusana? Je, volteji inatosha? Aghalabu jawabu huwa katika mojawapo ya maswali hayo.

Mwalimu atakayewaongoza wanafunzi kwa utaratibu huu asiharakishe kuwaonyesha kosa. Kadi iliyokataa kuwaka hufundisha zaidi ya ile iliyowaka mara ya kwanza, maadamu mwanafunzi amelitafuta kosa mwenyewe. Maswali hayo manne ndiyo pia ambayo fundi wa redio hujiuliza anapofungua kifaa kilichonyamaza. Tofauti ni kwamba saketi yake ina njia nyingi, na ya mwanafunzi ina moja anayoweza kuifuata kwa kidole.