Hundi na Ndoto: Balagha katika Hotuba ya Martin Luther King ya 1963

Hotuba aliyoitoa Martin Luther King mjini Washington tarehe 28 Agosti 1963, mbele ya watu wapatao 250,000, hutumiwa sana madarasani kufundishia takriri. Hata hivyo, mara nyingi tunawasomesha wanafunzi sehemu ya mwisho tu, ile ya ndoto. Katika makala haya tunadai kuwa sehemu hiyo haieleweki vizuri bila ile inayoitangulia.

Maandamano ya siku hiyo yalidai kazi na uhuru. King alisimama kwenye jengo la kumbukumbu ya Rais Lincoln, ambaye mwaka 1863 alitangaza kuwa huru watumwa wa majimbo yaliyoasi. Hivyo, alipokariri mara nne kwamba miaka 100 imepita, mahali penyewe palikuwa ushahidi. Takriri hii si pambo, inahesabu ucheleweshaji.

Hapo ndipo inapoingia sitiari ya hundi. Marekani inafananishwa na mdaiwa aliyewapa raia weusi hundi, nayo benki ikairudisha kwa kuwa fedha hazitoshi. Sitiari hii inageuza uhusiano wa msemaji na serikali: haombi hisani, anadai deni. Aidha, anasisitiza kuwa wakati wa kulipa ni sasa.

Ndoto inakuja baadaye, nayo haikuwamo katika matini aliyoiandaa. Inasimuliwa kwamba mwimbaji Mahalia Jackson alimhimiza awaeleze watu habari za ndoto. King, mhubiri wa Kibaptisti, akaiacha karatasi na kuingia katika mtindo wa mahubiri, hadhira ikiitikia. Anataja Georgia, Mississippi na Alabama, majimbo yaliyojulikana kwa ubaguzi. Kwa hiyo ndoto yake si ya mawinguni.

Suala hili linamhusu hasa mtafsiri. Katika Kiswahili, neno "ndoto" humkumbusha msikilizaji ndoto za Alinacha, yaani matumaini yasiyo na msingi. Mwanafunzi asiyeisoma hundi atamwona King kuwa mwotaji tu. Aliyeisoma ataelewa kuwa ndoto ni picha ya siku ambayo deni litakuwa limelipwa.

Kuhusu athari, tusitie chumvi. Tarehe 15 Septemba 1963, siku 18 baada ya hotuba, bomu liliwaua wasichana wanne kanisani mjini Birmingham, Alabama. Sheria ya Haki za Kiraia ilitiwa sahihi tarehe 2 Julai 1964, na ile ya haki ya kupiga kura tarehe 6 Agosti 1965, baada ya maandamano mengi, vipigo na vifungo. Hotuba peke yake haikuleta sheria hizo. Iliwapa wadai lugha ambayo taifa zima liliisikia.

Tunapendekeza, basi, walimu wawape wanafunzi hotuba nzima, waisikilize kwanza, kisha wajibu swali moja kabla ya kuorodhesha tamathali: nani anamdai nani, na anadai nini?