Nguvu Inayopotea Kabla ya Kufika Kwenye Tairi

Mjini Bariadi gari za michezo za milango miwili ni za kuhesabu. Nafasi yake imeshikwa na Altezza, yenye milango minne lakini iliyotengenezwa kwa nia ileile: injini mbele, msukumo nyuma, usukani mwepesi. Toyota ilipoitoa mwaka 1998, RS200 ya gia za mkono iliandikiwa nguvu farasi 210 na ya otomatiki 200, kwa injini ya lita mbili isiyo na tabo. Namba hizo bado zinanakiliwa kwenye matangazo ya wauzaji wa gari zilizotumika, na kijana wa Simiyu anayekusanya fedha za pamba au za ng'ombe ili anunue gari lake la kwanza anazisoma kama ahadi.

Gari hilo likishaingia kwenye lami ya Bariadi kwenda Lamadi, kinachosukuma barabara si farasi 210, na hakijawahi kuwa 210 hata siku lilipotoka kiwandani. Sehemu ya pengo hilo inatokana na jinsi namba zinavyopimwa, sehemu na hewa ya mahali tunapoishi, na sehemu na uchakavu tunaoulea wenyewe. Tatizo la huku kwetu ni kwamba yote matatu yanaitwa kwa jina moja: "gari limechoka." Kwa sababu hiyo injini zisizo na kosa zinashushwa, na zilizo na ugonjwa mdogo wa kutibika zinaachwa mpaka zife.

Tuanze na karatasi. Namba ya kiwandani hupimwa kwenye injini peke yake, ikiwa imefungwa kwenye mashine ya kupimia, kabla nguvu haijapita kwenye giaboksi wala difu. Zamani hali ilikuwa mbaya zaidi. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970, Marekani ilipima injini ikiwa imevuliwa chujio la hewa, sailensa na vifaa vingine vinavyokula nguvu. Mwaka 1971 General Motors ilichapisha vipimo viwili kwa pamoja, na injini ya LT-1 ya Corvette ikasomeka 330 kwa njia ya zamani na 275 kwa njia mpya. Hakuna chuma kilichobadilika, ila farasi 55 walitoweka kwenye karatasi. Ndiyo maana mtu akilinganisha Datsun 240Z, ile kupe aliyoshindia Edgar Herrmann mbio za Safari mwaka 1971 na Shekhar Mehta mwaka 1973, na kupe za leo, lazima ajue kwamba ile 151 iliyotangaziwa soko la Marekani ilikuwa ya kipimo cha zamani.

Japani nayo iliwahi kwenda kinyume. Kuanzia 1989 hadi 2004 watengenezaji wake walikubaliana wasitangaze zaidi ya farasi 280, kwa hiyo Supra yenye tabo mbili na Skyline GT-R zote ziliandikwa 280, ingawa injini zenyewe zilitoa zaidi. Wengine waliandika nyingi kuliko zilizokuwepo. Ford ililazimika kusimamisha mauzo ya Mustang Cobra ya 1999 na kubadilisha vipuri baada ya wenye magari kupima na kukuta 320 haifiki. Mazda ilishusha namba ya RX-8 huko Marekani mwaka 2003 na kuwapa wateja nafasi ya kurudisha magari. Wanunuzi wa Cobra walikuwa na mahali pa kupimia, na hilo ndilo lililowapa sauti.

Wakulima walilitambua jambo hili mapema kuliko wenye magari. Jimbo la Nebraska lilipitisha sheria mwaka 1919 kwamba trekta haliuzwi humo bila kupimwa, na la kwanza kupimwa mwaka 1920 lilikuwa Waterloo Boy, lililotajwa kwa namba mbili, 12-25. Ya kwanza ilikuwa nguvu ya kuvuta shambani, ya pili nguvu ya injini kwenye mkanda. Namba ya ardhini ilitangulia! Mkulima wa Itilima au Maswa anayekodi trekta kulimia udongo mzito wa mbuga angenufaika sana kama desturi hiyo ya kutanguliza namba ya ardhini ingekuwa hai leo.

Turudi kwenye Altezza yetu, tupige hesabu. Uso wa Ziwa Victoria uko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Bariadi iko juu ya ziwa. Tuchukue mita 1,200, kwa kukadiria chini. Injini isiyo na tabo hupoteza takribani asilimia 3 ya nguvu kila inapopanda mita 300, kwa sababu hewa inayovutwa kwenye silinda ni nyepesi. Hiyo ni asilimia 12, kwa hiyo 210 inakuwa 185 kabla gari halijasogea. Kisha nguvu inapita kwenye klachi, giaboksi, propela shafti na difu, na kila mahali inaacha joto. Kwa gari la msukumo wa nyuma lenye gia za mkono, makadirio ya kawaida ni asilimia 15, na 185 inabaki 157. Celica inayovutwa na magurudumu ya mbele hupoteza pungufu, kwa kuwa haina propela shafti wala kona ya difu ya nyuma. Subaru inayosukuma magurudumu manne hupoteza zaidi.

Asilimia hizi si sheria. Sehemu ya upotevu ni ile ile hata injini iongezewe nguvu, sehemu nyingine inapanda na mwendo na mzigo. Hata hivyo zinatosha kuonyesha jambo kubwa: Altezza mpya kabisa, isiyo na hitilafu yoyote, ingefikisha kwenye tairi, hapa Bariadi, takribani robo tatu ya namba yake. Na hata hiyo hupatikana injini ikizunguka mara 7,600 kwa dakika, mzunguko ambao madereva wengi hawaufikii. Hapo hakuna wa kulaumiwa.

Lawama inaanza chini ya 157. Gari la zaidi ya miaka 20, baada ya mavumbi ya barabara za vijijini msimu wa kubeba pamba, linaweza kuwa limepoteza tena sehemu kubwa, na mafundi wazuri wanajua pa kuangalia. Chujio la hewa lililopuliziwa upepo wa kompresa mara nyingi hutoboka au kuziba kabisa. Plagi huliwa. Pampu ya mafuta huchoka, na gari linavuta vizuri mpaka kwenye mwendo mkubwa, kisha linakata. Klachi huteleza, injini inapiga kelele huku mwendo hauongezeki. Kwenye otomatiki, haidroliki ikiwa nyeusi na yenye harufu ya kuungua, nguvu inaishia ndani ya giaboksi.

Yapo pia masega, yanayohitaji maelezo zaidi, maana ndiyo yanayoleta makosa mengi. Ni kipande cha kauri kilicho ndani ya bomba la moshi, chenye vitundu vingi vidogo, na injini inayochoma oili huvijaza masizi mpaka moshi unakosa njia. Gari linawaka, linatembea, lakini ukikanyaga linagoma. Fundi makini hufungua sensa ya oksijeni iliyo mbele ya masega na kujaribu gari. Nguvu ikirudi kupitia tundu hilo dogo, ameshapata jibu bila kushusha chochote. Fundi wa haraka hung'oa masega na kuyauza, mwenye gari anaondoka akisifia mvuto mpya, na hakuna anayeuliza kwa nini injini ilikuwa inachoma oili. Mvuto ule ni farasi waliokuwa wamezuiwa tu. Pete za pistoni zinaendelea kuisha, na moshi mchafu unaingia mitaani.

Mfumo wetu wa kodi na ukaguzi hausaidii kuliona hili. Ushuru wa gari unafuata cc za injini na umri wa gari. Ukaguzi unaangalia breki, taa, usukani, matairi na moshi, mambo ya lazima kwa usalama, lakini nguvu kwenye tairi haimo. Mnunuzi anabaki na namba ya Japani ya 1998 na neno la muuzaji.

Mashine ya kupimia magurudumuni, yenye roli ambazo gari linazizungusha likiwa limesimama, ndiyo jibu sahihi. Anayepata nafasi ya kuitumia katika mji mkubwa aombe karatasi isiyorekebishwa. Mashine nyingi hurekebisha majibu yafanane na hewa ya karibu na usawa wa bahari. Ile 157 ya Bariadi itachapishwa 178 hivi, namba nzuri ya kulinganisha na gari la nchi nyingine, lakini siyo nguvu atakayopandia nayo mlima akiwa na abiria wanne.

Asiye na mashine anaweza kupima mwenyewe kushuka kwa nguvu ya gari lake. Achague kipande cha barabara tambarare, nje ya makazi, asubuhi kabla ya joto, mzigo uleule, gia ya tatu, na mwenzake ahesabu sekunde kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa. Gari likiwa na uzito wa kilo 1,450 pamoja na dereva na mwenzake, sekunde 4.5 zina maana ya wastani wa kilowati 60, yaani farasi 81, katika mwendo huo. Huo ni wastani, si kilele. Thamani yake iko kwenye marudio: apime gari likiwa limetoka sevisi kamili, aandike, arudie baada ya miezi sita. Sekunde 4.5 zikiwa 5.4, sehemu moja kati ya sita ya nguvu imeondoka, na mwinuko wa Bariadi haujaongezeka hata mita moja. Aende gereji na daftari hilo, aanze na chujio, plagi, pampu na masega, na injini ipimwe mgandamizo wa kila silinda kabla mtu yeyote hajataja kuishusha.